Chupa Ishirini Zisizo na Lebo

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi ya Jumanne, mwanzoni mwa Mei, Ottmar Kestler alikuta kufuli la chumba cha akiba limekatwa. Yeye ndiye mpishi mkuu wa bia katika kiwanda cha Schaffnit, kijijini Oberngries. Kila bia inapojazwa kwenye chupa, kreti moja huwekwa katika chumba hicho chenye baridi, ili mteja akilalamika pawe na ya kulinganisha. Makreti arobaini na mbili yalikuwepo. La arobaini na tatu, la bia iliyojazwa tarehe kumi na nne Machi, halikuwepo.

Ottmar alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Katika makreti yote yale, mwizi alikuwa amechukua lile moja alilolihitaji yeye Ottmar.

Inspekta Wiltrud Hämmerlein alifika saa tatu kamili. Alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti mabovu, na wiki ya tatu hiyo hajapata siku ya kupumzika. Walipomwambia kwamba ameitiwa kreti la bia alitaka kucheka, lakini hata kicheko kilimchosha.

“Kreti zima la bia, mzee wangu,” alimwambia Ottmar. “Si angekwenda dukani tu?”

“Kreti hilo lina jina langu ndani yake, Inspekta.”

“Nieleze polepole. Leo naandika kwa shida.”

Ottmar akaeleza. Wiki tatu sasa wateja wanalalamika kwamba bia ya Machi kumi na nne ina ladha ya boksi lililoloa maji. Keshokutwa, Alhamisi, mkaguzi wa vyakula anakuja kuchukua sampuli ya akiba. Roswitha Schaffnit, mwenye kiwanda, alikuwa amemwambia mbele ya watu: sampuli ikiwa mbaya, Ijumaa ni siku yako ya mwisho.

“Umefanya kazi hapa miaka mingapi?”

“Thelathini na minne. Imebaki miwili nistaafu. Na sasa sampuli haipo, kila mtu anajua nani kaificha.”

“Bia hiyo wanayoilalamikia, umeionja?”

“Nimeionja. Nikasema hii si ya Machi, hii ina karibu mwaka. Roswitha akasema kilichozeeka ni ulimi wangu.”

Wiltrud alitazama chumba. Kilikuwa na milango miwili: mmoja wa kutokea uani, mwingine wa kuingilia ukumbi wa ofisi na nyumba ya mwenye kiwanda. Usiku geti la uani hufungwa, na funguo za kufuli walikuwa nazo Ottmar na Roswitha tu. Ofisini, mbali na Roswitha, aliweza kuingia bwana mmoja aitwaye Vollrath, anayeiuza bia ya kiwanda huko ng'ambo.

“Ungejuaje chupa zako ukiziona?”

“Mimi hutia nukta ya rangi nyekundu chini ya kila chupa ya akiba. Makreti hulazwa ubavu rafuni, kwa hiyo chini ya chupa ndiko ninakokuona. Hiyo ni desturi yangu tu, sijawahi kumwambia mtu.”

“Basi usianze leo,” akasema Wiltrud.

Uani alimkuta Alwin Dürrbeck, dereva wa foklifti, kigari cha kubebea makreti, anapanga chupa tupu zilizorudi kutoka madukani.

“Tangu saa kumi na moja niko hapa hapa, mama,” akasema Alwin. “Aliyepita mlango ule ni Ottmar peke yake. Sipendi kusema, maana ni rafiki yangu, lakini macho ni macho.”

“Alikuwa na kreti?”

“Alikuwa na mkate wake na uso wa kufiwa. Basi.”

Roswitha Schaffnit aliingia wakati huo huo kwa gari, na mfuko wa mikate mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mrefu, sauti ya kuamrisha. Alisema ametoka Untergries kwa mwokaji, kwa kuwa wa kijijini hufunga Jumanne.

“Sitaki kumwonea mzee yule,” alisema. “Alinifundisha kazi nikiwa na soksi za shule. Lakini nani mwingine anafaidika sampuli ikipotea?”

“Ana ufunguo. Angekata kufuli kwa nini?”

“Ili wewe uulize swali hilo, Inspekta.”

Jibu lilikuwa zuri mno kwa saa tatu na nusu asubuhi. Wiltrud aliliandika lote.

Aliomba chupa moja kati ya zile zilizorudishwa na wateja, ikiwa bado imefungwa, akaitia mkobani. Kisha akaenda kwenye baa ya kiwanda, ng'ambo ya barabara, ambako lilikuwa limebaki pipa moja tu la Machi kumi na nne. Wazee watatu walikuwa wamekaa mezani kwao, kila mmoja na kikombe chake cha udongo.

“Bia hii ina ladha gani?” aliwauliza.

“Ya bia,” akasema wa kwanza.

“Umekuja kuuliza tu au utakunywa?” akasema wa pili. “Maana polisi wa kuuliza tu tunao wa kutosha.”

Wiltrud alionja funda moja. Ilikuwa safi, yenye uchungu mwepesi na harufu ya mkate. Bia ya pipa na bia ya chupa zilitoka tangi moja siku moja. Hii ilikuwa hai, na ile ya chupa wanasema imekufa. Alipiga simu kwenye maduka manne. Mawili yakasema makreti mengine ya tarehe hiyo ni mazuri, mengine hayanyweki, na tarehe ni ile ile. Basi ubaya haukuanzia kwenye sufuria, na Ottmar hakuwa na sababu ya kuiba sampuli ambayo ingemsafisha.

Wakabaki wawili, akaanza na Vollrath. Alwin alikuwa amemwambia kwamba huyo na Ottmar hawasalimiani tangu mwaka jana. Wiltrud alimpata kwa simu saa tisa alasiri.

“Niko Bremen tangu Jumapili,” akasema Vollrath kwa sauti ya watu wa kaskazini, kila neno limepigwa pasi. “Hoteli ina kamera. Ziangalie, karibu sana.”

“Ulikosana na Kestler kwa nini?”

“Alisema bia yao haifai kusafirishwa. Mbele ya wateja wangu! Haya, kontena la kwanza likakaa bandarini ng'ambo Agosti nzima juani kwa ajili ya karatasi moja iliyokosewa. Mnunuzi akalikataa. Likarudi Februari.”

“Likapelekwa wapi?”

“Likamwagwa. Roswitha aliniambia amemwaga yote. Usimwambie Kestler, alinisihi, yule mzee atatucheka mpaka kaburini.”

Hoteli ilithibitisha maneno yake. Wiltrud alirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, akavua viatu, akaweka miguu ndani ya karai. Mezani kulikuwa na chupa tupu ya bia ya Schaffnit aliyoinunua majira ya baridi. Pembeni yake akaiweka ile ya malalamiko. Alizitazama kwa muda bila kufikiri chochote, kama mtu anavyotazama ukuta.

Ndipo akaona. Chupa yake ilikuwa na mikanda miwili iliyochubuka, mmoja begani na mmoja chini, mahali chupa zinaposuguana ndani ya kreti mwaka hadi mwaka, zikienda dukani na kurudi kiwandani kuoshwa. Ile ya malalamiko ilikuwa laini kama yai. Chupa mpya kabisa. Na kiwanda kidogo hakinunui chupa mpya kwa ajili ya watu wa nyumbani, kinanunua kwa zile zinazokwenda mbali na hazirudi.

Akaitoa miguu, akaitumbukiza chupa ndani ya karai lile lile. Baada ya robo saa lebo ilijikunja ikatoka. Ilikuwa na vijipengo pembeni, vya kuonyesha tarehe. Chini yake palikuwa na lebo nyingine iliyogandishwa kwa gundi isiyoogopa maji, yenye picha ya ngome na maandishi ya Kiingereza.

“Haya,” alisema Wiltrud peke yake jikoni. “Hiyo ndiyo iliyomwagwa.”

Alijua sasa kwa nini sampuli iliibwa. Mkaguzi angeilinganisha na chupa za madukani, na ulimi wa mtoto ungetambua kwamba hizo ni bia mbili. Lakini nani? Vollrath alikuwa mbali. Kumshtaki mwenye kiwanda kwa kuwa ana ufunguo na mlango kulihitaji kitu cha kushika mkononi. Alijiuliza yeye mwenyewe angefanya nini na chupa ishirini. Bia angeimwaga kwenye sinki. Lebo, kwa kuwa za akiba hupigwa muhuri wake, angezibandua. Na chupa? Akaitazama chupa yake tupu, inayongoja mezani tangu Januari irudishwe dukani, akajijibu: angezirudisha.

Uani kwa Schaffnit kulikuwa na Alwin. Basi ingekuwa duka jingine. Asubuhi ya Jumatano, saa mbili kamili, Wiltrud alikuwa mlangoni pa duka la vinywaji la Untergries, jirani na mwokaji.

“Jana mlipofungua,” alimwuliza mwenye duka, Zenta Popp, “kuna mtu alileta kreti la chupa zisizo na lebo?”

“Zote ishirini!” akasema Zenta. “Uchi kama zilivyozaliwa. Nikamwambia, dada Roswitha, una kiwanda kizima cha chupa, unakuja kuniletea mimi? Akasema alikuwa na wageni. Wageni gani hao wanaomenya lebo zote kama viazi? Saa mbili na dakika tano, ndiyo kwanza nimewasha mashine ya kupokelea chupa.”

“Kreti liko wapi?”

“Nyuma. Gari la kuyachukua linakuja kesho.”

Wiltrud alipiga magoti, yakamlaumu kwa sauti. Aliinua chupa ya kwanza akaipindua. Ilikuwa na nukta nyekundu. Akazipindua zote.

Saa nane mchana siku hiyo aliwaita Roswitha na Ottmar katika chumba cha akiba. Ng'ambo ya ukuta sufuria kubwa ilikuwa inachemka, harufu ya kimea imejaa kila mahali. Aliweka mezani chupa moja isiyo na lebo, kichwa chini. Kando yake akaweka mbili za malalamiko, moja imebanduliwa lebo ya juu, nyingine, aliyoiomba tena kiwandani, bado ina bia.

“Hii nukta ni nini?” akauliza Roswitha.

“Ni yangu,” akasema Ottmar taratibu.

Wiltrud alieleza yote, bila kupandisha sauti: kontena, lebo juu ya lebo, Untergries. Roswitha alisikiliza akiwa amesimama. Alipotajiwa duka la Zenta, alivuta kiti.

“Nje ya duka lile kuna pipa la vioo,” akasema Wiltrud. “Hatua kumi. Ungezitupa humo tusingezipata milele.”

Roswitha alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kuliko hata inspekta. “Nilisimama mbele ya pipa lile. Nikainua ya kwanza. Chupa ya kurudishwa, nzima, haina ufa! Baba angefufuka anizabe kofi. Mkono ulikataa.”

“Na lebo za Machi?”

“Zilibaki, tayari zimekatwa tarehe. Nilibandika peke yangu, Jumapili mbili, watu wakiwa kanisani na baadaye baa. Mashine ile naiendesha tangu nina miaka kumi na miwili. Makreti mia tatu tu. Nikayachanganya na mazuri.”

“Kwa nini?”

Roswitha hakumtazama Wiltrud, alimtazama mzee. “Kwa sababu ulinikataza. Ulisimama mbele ya wafanyakazi na wateja ukasema bia yetu haitaki safari, itafika maiti. Nikakujibu kwamba umezeeka. Kontena liliporudi nilifungua chupa moja, nikajua ulisema kweli. Ningeimwagaje, nawe uko hapo dirishani? Nikajiambia watu siku hizi wanakunywa ubaridi tu, hawatajua.”

“Wakajua,” akasema Wiltrud.

“Wakajua. Ikabidi kosa liwe la mtu.”

Ottmar alichukua chupa iliyobaki na bia, akaifungua, akamimina kidogo katika glasi. Povu lilipanda likafa hapo hapo. Alinusa, akanywa.

“Hii ni ya Juni,” alisema. “Juni mwaka jana, ile wiki ya mvua ya mawe. Ilitoka nzuri sana.” Akaiweka glasi chini. “Bia ningekusamehe, Roswitha. Hata kufuli ningekusamehe. Lakini ulimi wako niliufundisha mimi. Ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Kila barua ya malalamiko uliniletea mwenyewe mezani, ukasimama nikiisoma. Ukaniambia ulimi wangu umekufa. Nami nikakuamini. Nilikwenda Bayreuth kwa daktari. Wakanipiga picha kichwani, watafute uvimbe. Mke wangu alikaa nje analia saa nzima.”

Roswitha alifunika uso. Wiltrud alikuwa amesikia watu wengi wakikiri mambo makubwa kuliko hili, lakini aliona haya kuwepo.

“Baki, Ottmar,” akasema Roswitha ndani ya viganja vyake. “Mambo ya Ijumaa yameisha. Nitamwambia kila mtu, mmoja mmoja. Naomba ubaki.”

Kengele ya sufuria ililia upande wa pili. Ottmar alisimama, akajifunga vizuri aproni.

“Iliyoko motoni nitaimaliza, haina kosa,” alisema. “Kuanzia kesho tafuta mpishi mwingine.”

“Nani ataionja ikiiva?”

“Ulimi unao,” akajibu, tayari yuko mlangoni. “Safari hii usikilize unachokwambia.”