Kinyozi na Bomba la Maji

Duka la vipuri lilifurika watu Jumamosi ile, kila mmoja akinusa jasho la mwenzake. Mbele ya kaunta alisimama kinyozi mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, manukato yakimtangulia hatua tatu. Alikumbatia tabo kuukuu, kile kifaa cha kuishindilia injini hewa, lililoganda oili nyeusi kama makamasi. Muuzaji alilisifu bila kupumua. Kibaya ndivyo kilivyo, chajitembeza.

Nyuma yake alisubiri mwanamke wa ovaroli la kijani na kilemba cha waridi, fundi wa nozeli, vile vitundu vya kupulizia injini petroli. Alinyoosha mkono, akautikisa mhimili wa lile tabo. Ukacheza kama jino bovu.

"Kaka, unanunua uchafu."

"Litasafishwa, dada."

"Na mafuta? Hewa ikizidi, petroli nayo izidi. Nozeli zako za kiwandani zitatosha?"

Kinyozi alikuwa na tabasamu, akalitumia, na fundi, asiyewapenda wanaume wa tabasamu, akajikuta anampa namba yake ya simu.

Kwa wiki sita gari dogo la kinyozi lilishinda gereji. Fundi alimtafutia tabo zima, akafunga pampu na nozeli kubwa zaidi, akarudisha taimingi, wakati wa cheche kuwaka, nyuma kidogo. Alimweleza sababu: hewa ikishindiliwa halafu cheche ikawahi, moto huipiga pistoni kabla haijafika juu, na petroli ikipungua, joto huitoboa. Mwisho akachora alama ya rangi nyeupe kwenye distribyuta, kile kifaa cha kugawa cheche, ili mkono wowote utakaoisogeza ujulikane.

Jioni walipigiana simu. Fundi alimwita Msafi, kwa kuwa alichemsha mikasi yake na hakuacha unywele wa mteja mmoja umguse mwingine. Kinyozi alimtania kwamba aoshe kwanza kucha zake ndipo amwambie anampenda. Fundi alimjibu kuwa akisubiri zitakate atakuwa ameshazeeka. Penzi likakolea.

Jumapili ya kwenda kujitambulisha kwa baba mkubwa wa fundi, kinyozi alifika na suti ya kijivu. Fundi alivaa gauni la zambarau, na mama yake akaketi nyuma, mkoba mapajani. Hawakufika hata nusu ya mlima, injini ikaanza kugonga kama kokoto ndani ya kopo.

"Umegusa taimingi?"

"Sijagusa, mpenzi."

"Niangalie usoni."

"Naendesha, mpenzi. Nikuangalie vipi?"

Akamwamuru asimame, akafungua boneti. Alama nyeupe ilikuwa imesogea upana wa kidole. Hilo lilikuwa dogo. Bomba la petroli alilolikaza kwa vibano halikuwapo. Mahali pake palipita bomba la plastiki la maji, lile linaloonyesha ndani, limefungwa kwa waya, linatokwa jasho la petroli shubiri moja tu kutoka kwenye tabo la moto. Marafiki wa kinyozi walikuwa wamemwambia litapendeza, watu wayaone mafuta yakikimbia. Mimi ninayesimulia nimesikia ujinga mwingi, lakini huu ulinipandisha nyongo.

"Ni mwendo mfupi tu, mpenzi," kinyozi alisema.

"Mama yangu yuko nyuma. Na bado unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akatema mate pembeni, akamshika mama yake mkono, wakateremka mlima kwa miguu. Kwa siku kumi na moja kinyozi alipiga simu. Kila ilipolia, fundi aliitazama kama mende kwenye sahani.

Siku ya kumi na mbili alimfuata kinyozi dukani kwake, wateja wawili wakiwa foleni. Akaketi kwenye kiti, akalegeza kilemba, akachomoa wembe kwenye kopo la taka. Ulikuwa na nywele na povu lililokauka.

"Ninyoe kisogo. Kwa huu."

Kinyozi alirudi nyuma, uso umemkunjamana. "Huo nimemnyolea mtu mwenye vipele. Siwezi."

"Ni mwendo mfupi tu."

Mteja mmoja alishusha gazeti. Kinyozi aliutazama ule wembe, akashika sinki.

"Niligusa," alisema. "Nilitaka gari livute vizuri mlimani mbele ya mama. Na nikakudanganya."

Fundi hakufurahi. Machozi yalimlengalenga machoni.

"Na mimi nina langu. Harufu ya petroli niliisikia tangu mlangoni kwetu. Ndiyo kazi yangu, hainipiti. Nikanyamaza nisiharibu siku. Nikamfungulia mama mlango, nikampandisha. Tangu siku ile najiona mchafu, nikaona bora uchafu wote niutupe kwako."

Kinyozi aliuchukua wembe, akautupa, akanawa mikono mara mbili, akavuta kigoda karibu naye.

"Bado nakutia kinyaa?"

"Bado."

"Na kuolewa na mimi?"

"Gari utalifumua mwenyewe, bolti kwa bolti, mimi nimekusimamia. Na alama ya rangi sichori tena. Nataka niwe nakuuliza tu, unanijibu."

"Niulize."

"Kuna kingine ulichogusa?"

Wateja walikuwa wanasikiliza, na kinyozi angeweza kukataa tu, kwani kile kitu kisingeonekana kwa macho.

"Skrubu ya presha ya tabo. Niliikaza mizunguko miwili, lishindilie hewa zaidi."

Fundi alifumba macho, uso mzima umemkunjamana kama aliyelamba shubiri. Kisha akafunga kilemba chake vizuri.

"Haya. Jumapili twende kwa baba mkubwa," alisema. "Kwa teksi."