Pembe za Mbwa wa Meru

"Mbwa amekula?"

Sauti ya Njagi, mkubwa wake wa upelelezi, iliingia sikioni mwa Mukami kupitia kisikizi kidogo kama punje ya ndengu, kilichofichwa chini ya kilemba. Maana yake ilikuwa moja tu: mzigo umefika?

"Sijui kama amekula," Mukami alijibu bila kufungua mdomo sana. "Lakini leo wako wawili."

Akainua kamera yake ya Canon, akapiga picha.

Wawili kweli. Wa kwanza alikuwa yule wa siku zote, Mbwa wa Pembe, sanamu ya simiti iliyosimama katikati ya mzunguko wa barabara mjini Meru. Kila mgeni anayefika mjini lazima apigwe picha akimshika mkia. Wa pili alikuwa juu ya lori la Isuzu, amefungwa kamba, anameremeta rangi ya shaba. Huyo aliundwa kwenye karakana moja kule Kibugu, katikati ya majani chai, na asubuhi hii aliletwa kuagana na mwenzake kabla ya kupandishwa ndege kwenda ng'ambo. Zawadi ya urafiki, walisema.

Urafiki. Mukami alimeza kicheko.

Wiki tatu alikuwa amesimama hapo na printa ndogo ya Epson, akiuza picha. Wenye suti walimpita kama wanavyopita nguzo ya stima. Kwake ilikuwa sawa tu. Mtu akikudharau hakufichi kitu. Hakuna aliyejua kwamba chini ya lenzi, ndani ya mkoba wa kamera, ililala bastola ya Glock yenye risasi kumi na tano.

Wiki tatu hizo hizo zilizopita, kifaru alikuwa ameuawa katika hifadhi moja upande wa kaskazini na pembe zake kuchukuliwa, na fununu zilisema zingepitia hapo mjini. Askari wa zamu alikuwa Kirimi.

Kirimi, ndugu yake Mukami wa tumbo moja.

Leo saa nane na nusu mchana angesomewa mashtaka, kwamba aliua na kuuza. Pembe zikipatikana, zingeonyesha zimetoka kwa nani. Zikivuka mpaka, Kirimi amekwisha.

Njagi alikuwa ameonya mapema. "Wewe ni dadake. Piga picha tu. Mengine tuachie sisi."

Sisi hao walikuwa Embu, ofisini, wanakunywa chai.

Kwenye kipaza sauti alisimama Kaimenyi, afisa wa itifaki, tai imembana shingo kama mbuzi wa kuuzwa. Kando yake alikuwa mgeni mwenyewe, Bwana Voss, mwenyekiti wa wakfu wa utamaduni ambao hakuna mtu aliyewahi kuona ofisi yake. Nyuma yao Riungu, mlinzi wa Voss, mnene, koti limetuna ubavuni.

"Pembe hizi," Kaimenyi alinguruma, "ni ishara ya nguvu. Ni ishara ya maendeleo. Ni ishara ya uwekezaji."

Watu wakapiga makofi. Watu hupiga makofi.

"Uwekezaji wa wapi," alisema Kananu, mama mzee aliyeuza ndizi kando ya Mukami. "Huyu alilelewa na nani?"

Hata mtoto wa chekechea hapa Meru anaijua hiyo hadithi. Zamani wazee walikuwa watumwa wa watu wa Nguo Nyekundu, ng'ambo ya maji. Mtawala akatafuta sababu ya kuwamaliza, akawaambia: nileteeni mbwa mwenye pembe, la sivyo mtakufa wote. Mbwa mwenye pembe yuko wapi duniani? Wazee wakamkamata digidigi, yule paa mdogo wa porini, wakamtoa pembe zake na kuzigandisha kwenye kichwa cha mbwa kwa utomvu wa mti. Kidonda kikapona, mtawala akaletewa, akaamini. Basi mbwa yule si ishara ya nguvu. Ni ishara ya mnyonge aliyemchezea mkubwa.

Ndiyo maana pembe za mbwa wa simiti ni fupi. Za digidigi. Urefu wa kidole.

Mukami akageuza lenzi kwa mbwa wa lori.

Pembe moja ilikuwa ndefu kupita mkono wa mtu mzima hadi kiwiko. Nyingine haikufika nusu yake.

"Shosho," alimwambia Kananu polepole, "unaona pembe za huyo wa pili?"

"Nina macho, mwanangu. Moja ndefu, moja fupi. Huyo fundi alikuwa amelewa?"

Hakulewa. Mukami alikumbuka Kirimi akieleza nyumbani wakati wa Krismasi, mdomo umejaa nyama: kifaru hubeba mbili, ya mbele ndefu, ya nyuma fupi. Hawa walikuwa wamezipaka fibaglasi na rangi, wakazisimamisha kichwani mwa mbwa mbele ya mji mzima, wakamweka mwenye tai azihubiri. Ujasiri wa namna hiyo unataka kitu kimoja tu: kuwaona watu wote ni wajinga.

Akarudi nyuma hatua mbili.

"Njagi. Mzigo ni pembe zenyewe. Za mbwa wa lori. Simamisha hilo lori."

Kijiko kiligonga kikombe upande wa pili.

"Una ushahidi?"

"Hazilingani. Na mbwa wetu hana pembe za namna hiyo."

"Mukami. Hiyo ni zawadi rasmi, ina muhuri. Nikiivunja halafu ikose kitu, nitaenda kuchunga ng'ombe. Niandike nini kwenye ripoti? Kwamba hadithi ya nyanya yako imesema?"

"Andika hivyo."

"Wewe uliishia darasa la nane. Acha tufikirie sisi. Baki hapo."

Simu ikakatwa. Mukami akatoa kisikizi, akakitia mfukoni pamoja na maganda ya njugu.

Voss alikuwa akimwita kwa kidole. Kiswahili chake kilikuwa kisafi, cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. "Wewe dada wa picha. Nahitaji kumi na mbili, kubwa, mimi na mbwa. Naondoka saa saba. Utaniletea kule kwenye kiwanja cha ndege, Mbeere. Kaimenyi atakuelekeza."

"Ni mbali, Bosi."

"Utalipwa nauli."

"Sawa, Bosi."

Mtu amekualika mwenyewe. Ungekataa?

*

Pikipiki yake ya Boxer ilipita Nkubu, Chogoria, ikainama kwenye kona za Nithi nyuma ya moshi wa lori. Dereva wa Isuzu alitambaa kwa breki. Mbele yake, gari la polisi wa kusindikiza, taa zinawaka, kama linapeleka bibi harusi.

Mukami akalipita lori Chuka.

Kichwani alikuwa na jambo moja. Angefika huko, sawa. Angetoa Glock, sawa. Halafu? Polisi wangeona mpiga picha amemwelekezea mgeni wa serikali bunduki, wangempiga risasi yeye. Muhuri hauvunjwi na maneno.

Alijibiwa na pua yake.

Ilikuwa Runyenjes, kando ya barabara. Mwenye bucha alikuwa ameweka vichwa vya mbuzi juu ya bati, anavichoma kwa tochi ya gesi kabla ya kupika supu. Nywele zikawaka. Kwato zikatoa moshi. Ile harufu ikavuka barabara na kumshika Mukami kooni.

Akapiga breki.

"Nikodishie hiyo tochi."

Mwenye bucha, Kithaka kwa jina lililoandikwa kwenye aproni, aliitazama kamera, akatazama pikipiki.

"Mpiga picha anataka kuchoma nini?"

"Mbwa."

"Hiyo hapa kwetu hatuuzi, madam."

"Utaniuliza kesho. Kitambulisho changu hiki, kaa nacho."

Kithaka akakisoma, akakigeuza, akacheka. "Ukinirudishia bila gesi tutakosana." Akampa.

*

Kiwanja kilikuwa ukanda wa udongo mwekundu katikati ya miiba. Mbuzi walikula pembeni, na wachungaji wao wawili wamechutama kivulini mwa ndege ndogo, Cessna Caravan. Rubani alikuwa ndani. Lori, lililompita tena alipokuwa kwenye bucha, lilikuwa limefika, mbwa ameshushwa juu ya toroli. Askari wanne wa kusindikiza walisimama kwa mstari, mbele yao Sajini Mutegi, mzee wa mvi aliyebakiza miezi michache astaafu.

Saa saba kasoro dakika kumi.

"Picha zangu," Voss alisema, akinyoosha mkono bila kumwangalia.

Mukami akampa bahasha. Voss akaanza kujitazama.

Akajitazama sana.

Mukami alitembea hadi kwenye toroli, akafungua gesi, akawasha. Mwali wa buluu ukatoka ukiimba. Akauweka kwenye ile pembe ndefu.

"Wewe unafanya nini hapo?" Kaimenyi aliuliza.

"Namsafisha, mheshimiwa. Ana uchafu."

Kwanza rangi ikachemka. Halafu fibaglasi ikanuka, ile harufu kali ya plastiki. Kaimenyi alikuwa tayari anakimbia, viatu vyake vyenye ncha vinapinda kwenye mawe.

"Afande, mkamateni huyo. Anaharibu mali ya serikali."

Askari wawili wakasogea. Mukami hakuondoa mkono.

"Afande Mutegi," alisema. "Hesabu hadi kumi. Kisha unifunge pingu mwenyewe."

Sajini aliinua mkono, askari wakasita. Labda alikuwa mvumilivu. Labda alikuwa amechoka kuamrishwa na tai.

Kitu cheusi kikatokeza chini ya gamba. Kikatoa moshi mzito wa njano.

Upepo ukaupeleka kwa watu.

Mbuzi wakainua vichwa. Mchungaji mmoja akasimama, akavuta hewa puani.

"Nani anachoma kwato?"

Sajini Mutegi alikaribia, akainama, akanusa kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mimi nimekula supu ya kichwa miaka arobaini," alisema. "Shaba hainuki hivi. Hii ilikuwa juu ya mnyama."

"Ni sanaa," Voss alisema. Picha zilikuwa bado mikononi mwake.

"Ni kifaru," Mukami alisema.

Riungu akaingiza mkono kotini.

Alichelewa. Mukami alimzungushia tochi, mwali ukapita karibu na kidevu chake, na alipokwepa akapigwa magotini na stendi ya chuma ya kamera iliyokuwa mkono wa pili wa Mukami. Akaanguka kama gunia la viazi. Bastola yake ikateleza kwenye vumbi hadi mbele ya beberu, ambaye aliinusa na kuipuuza.

Injini ya Caravan ikanguruma. Rubani alikuwa ameamua kuondoka bila abiria.

Mukami akatoa Glock. Pumzi moja.

Risasi moja.

Tairi la mbele likalala. Panga la rafadha likakwangua udongo, likapinda, likanyamaza.

Voss akatazama barabara, akatazama miiba. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi laini. Akakaa kwenye ukingo wa toroli.

Kaimenyi hakuhitaji kuulizwa. Watu wa namna yake hufunguka kama kopo lililooza.

"Mimi niliambiwa tu nisaini," alisema, jasho linadondoka kwenye tai. "Dereva wa hifadhi ndiye aliua na kuleta. Yule askari alikataa. Tulimpa bahasha akaitupa chini."

"Askari gani? Sema jina."

"Kirimi. Kirimi alikataa."

"Tena. Polepole." Kinasa sauti cha Sony kilikuwa kinawaka kifuani mwa Mukami. "Na umwangalie afande unaposema."

Akasema tena, polepole. Sajini Mutegi akaandika kwenye daftari lake kwa herufi kubwa kubwa, kisha akashika redio ya Motorola na kuita Meru. Aliomba kuunganishwa na mwendesha mashtaka, si kesho, sasa hivi.

Saa saba na robo.

Voss aliinua macho. Kwa mara ya kwanza alimtazama Mukami usoni, kama anayetafuta mahali alipowahi kumwona.

"Tulisoma kila kitabu kuhusu huyu mbwa," alisema. "Hakuna kilichosema pembe ziwe na urefu gani."

"Meru nzima ilikuwa imesimama pale," Mukami alijibu. "Hukuuliza mtu."

Simu ikatetemeka. Njagi.

"Nimesikia kwa redio. Kazi nzuri. Nitaandika kwamba nilitoa amri saa tatu asubuhi."

"Andika saa mbili. Itapendeza zaidi."

Akakata.

Alikusanya kamera, akazima tochi, akaifunga nyuma ya pikipiki. Wachungaji walimwomba picha na mbuzi. Akawapiga, moja, bila malipo, akawatolea hapo hapo.

Alikuwa amefika Runyenjes, Kithaka anatikisa mtungi kupima gesi, nambari asiyoijua ilipoingia.

"Dada? Ni mimi." Nyuma ya sauti ya Kirimi kulikuwa na honi na kelele za lango la mahakama. "Hii ni simu ya wakili. Wameniachilia. Sijasomewa hata kitu."

Mukami aliegemea ukuta wa bucha.

"Ni nani amekusaidia?"

"Sijui. Wanasema ni mkubwa fulani wa Embu, alitoa amri asubuhi na mapema. Mungu ambariki huyo mzee. Wewe uko wapi?"

"Kazini."

"Bado ni hizo picha za mbwa?"

"Bado."

"Dada yangu." Kirimi alicheka, kicheko cha mtu aliyelala sakafuni wiki tatu. "Hebu tafuta kazi ya maana. Mimi sasa niko nje, nitaongea na watu."

"Ongea nao," Mukami alisema.

Akachukua kitambulisho chake kwa Kithaka, akavaa helmeti, akawasha Boxer na kugeukia njia ya Meru.