Asipite Mtu Mbio

Hasina hakujua kuwa bintiye ameacha kukimbia mpaka siku alipomtuma chumvi. Duka liko ng'ambo ya uwanja tu, lakini Khairiya alikwenda akinyata, akarudi akinyata, pakiti kaikumbatia kifuani, na mchuzi jikoni umekwisha kukauka.

"We mtoto, mbona watembea kama unapelekwa kwa mume?"

"Nikikimbia hunishika mguu, mama."

"Nani?"

Khairiya akatazama kizingiti cha chumbani. Hapo ndipo Hasina aliposikia harufu ya breki zilizoungua, ile kali ya kukaba koo anayoijua kila mtu wa Pongwe anayekaa kando ya barabara. Ila ilikuwa ikitoka chumbani, chini ya kitanda cha watoto, na barabarani hapakuwa na gari hata moja. Hasina akaketi juu ya mbuzi ya nazi. Alimjua mgeni wake. Yeye ndiye aliyemleta.

Mwaka uliopita lori la mawe lilimuua mwanawe mkubwa, Sabiri, akivuka kwenda chuoni kusoma Kurani. Mama aliokota ndara moja. Ya pili haikuonekana. Tangu kabla ya hapo watu wa mtaa walikuwa wakiomba matuta. Wakubwa walikuja, wakapima, wakanywa soda, wakasema barabara kuu haiwekwi matuta ovyo, wakasimika kibao cha hamsini. Kibao! Dereva gani aliwahi kuogopa bati? Askari nao wakaja na tochi yao ya kupima mwendo, na madereva wakawa wanapigiana taa tangu mbali: mbele ya askari wapole kama mawalii, wakishampita tu, moto chini. Baada ya msiba wanaume walijenga tuta lao wenyewe kwa udongo na mawe. Halikumaliza wiki, greda likaja kulikwangua, na mwenyekiti wa mtaa akafokewa mbele ya watu.

Ndipo Hasina alipokwenda Makorora kwa Bi Kazija, mganga wa kutoka Pemba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini?"

"Nataka asipite mtu mbio. Kuanzia kona ya machimbo mpaka zahanati."

Bi Kazija akatia ubani kwenye chetezo. "Yuko jini wa kazi hiyo. Lakini huyu hajui kuchagua, hufuata alivyoambiwa basi. Kuna mtu unayetaka asiguswe? Fikiri kwanza."

Hasina akamkumbuka yule dereva aliyeshuka, akaitazama taa ya lori iliyovunjika kabla ya kumtazama Sabiri. "Hakuna," akasema. "Hata awe nani."

Wakaizika ile ndara kando ya lami, pamoja na yai na damu ya kuku mweusi.

Tangu hapo malori yakashika adabu. Dereva akifika konani pedeli inakuwa nzito, gari linanguruma, linanuka, linakwenda kama limebeba mayai. Mtaa ukashangilia, na Hasina akachekelea moyoni, na nani angemlaumu? Hakutia maanani hata siku walipomzika mzee Sadalla. Wanaume walitaka kuliwahisha jeneza kama ilivyo sunna, magoti yakawagomea, wakalikokota juani hadi alasiri.

Sasa jini alikuwa amehamia ndani. Hasina akipepea jiko kwa haraka, darini kunasikika pumzi ndefu, psssss, kama lori linaloshusha breki za upepo. Akikuna nazi kwa haraka, mkono unakufa ganzi.

"Umesikia?" mumewe, Uweso, alinong'ona jioni moja.

"Panya."

"Panya gani ananuka breki?"

Hasina alikusudia kurudi kwa Bi Kazija, lakini aliona haya, na kila siku akaiahirisha safari.

Alhamisi mchana, Uweso akiwa kazini, Khairiya alipandwa na homa, macho yakamgeuka, mwili ukawa unarukaruka mkekani. Hasina alimbeba hadi kwenye bajaji ya jirani yao Eliudi.

"Tukimbize, baba, mtoto ananifia!"

Eliudi akaongeza mwendo, injini ikazima. Akawasha tena, akaongeza, ikazima tena, na harufu ile ikawajaa. "Dada," alinong'ona, jasho likimtiririka, "kuna mtu kashika gari kwa nyuma."

Hasina akaruka chini, akamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akaanza kukimbia, na papo hapo vidole vya baridi vikamkamata kifundo cha mguu, akauvuta ukatoka, akanyanyua wa pili nao ukakamatwa, breki zikamnukia puani na kooni hata asiweze kupiga ukelele, akaomba, akaapa, akamtaja Mwenyezi Mungu kwa kila jina alilojua, akasema huyu ni wangu, huyu ni mdogo wake Sabiri, niachie huyu mmoja tu, na zahanati anaiona, anamwona nesi mlangoni akimpungia aharakishe, na nyuma ya sikio lake akajibiwa taratibu, bila hasira, kwa sauti yake mwenyewe:

"Hakuna. Hata awe nani."

Basi akatembea. Alipofika, nesi alimpokea mtoto, akamgusa shingoni, kisha akainama. "Mngewahi kidogo tu, mama," alisema.

Jeneza dogo lilipita mbele ya nyumba kwa mwendo wa kukokota, Uweso mbele. Nyuma yao lilifuata lori la mawe, polepole, dereva kavua kofia. Hasina aliyaona yote hayo kutoka dirishani, na heshima ya dereva yule ilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Matanga yalipokwisha Bi Kazija alikuja, macho mekundu. "Nimekuja kumtoa yule jini. Lakini aliyeizika ndara ndiye wa kuifukua. Nyanyuka, mwanangu."

Hasina akatazama barabarani. Watoto wa chuoni walikuwa wakivuka, wakitaniana katikati ya lami, na lori limesimama likiwangoja. Ng'ambo, jirani yake Khadija alikuwa akimsubiri wake, mimba imefika mwezi wake.

"Mwache," alisema Hasina.

"We Hasina! Khadija yule atazaa leo au kesho. Akizidiwa atapelekwaje?"

"Polepole. Kama nilivyokwenda mimi."

Uchungu ulikuwa umemjaa mpaka huruma ikakosa pa kukaa. Bi Kazija akamtazama, akaogopa, akaliokota buibui lake na kutoka upesi. Darini pakasikika ile pumzi ndefu. Pale kizingitini mguu wa bibi ukanasa, akajishika mlangoni, akageuka kumwangalia Hasina kwa macho ya kuomba.

Hasina akakaa kumtazama mganga akiondoka hatua kwa hatua, akilia, mpaka kona ya machimbo.