Kichupa cha Kifuniko Chekundu

"Simama!"

Muuza mbegu hakusimama. Alikata kona ghorofa ya tatu ya maegesho, kapu la barafu likimgonga paja.

"Kaburi, unamwona?" Mkuu alinguruma kwenye kisikizi cha sikioni.

"Namwona."

"Wanunuzi wake wako chini, gari jeusi. Tunalizuia. Na aliyevujisha siri tumempata: fundi wa maabara. Yuko ndani."

Kaburi akajikwaa, kwenye sakafu tambarare.

Fundi hakuvujisha chochote.

Ofisini walimwita Kaburi kwa kuwa siri ikiingia kwake haitoki. Uongo mtupu! Jumamosi, sebule imefurika ndugu na marafiki wa marafiki, alikuwa amesimama kumsifu wifi yake, mtaalamu wa mimea, ambaye bado alikuwa kazini.

"Mnamwona kimya vile? Ana protini, jua likikausha mmea, inakwenda kushika mlango wa jeni: amkeni wavivu, fungeni vitundu vya majani, maji yanapotea! Iko friji ya tatu, kifuniko chekundu."

Watu wakapiga makofi. Muuza mbegu, ambaye hakuna aliyejua kaja na nani, akaomba arudiwe.

Akarudiwa.

Kaburi aliruka boneti ya Toyota, bastola yake ya Glock mkononi. Ukuta. Mwizi hana pa kwenda. Akatoa kichupa kapuni, akakiinua juu.

"Dada, si ulinikaribisha mwenyewe?"

"Na leo nakusindikiza mwenyewe."

Teke moja. Kichupa kikaruka, akakidaka. Pingu zikalia.

"Gari tunalo," Mkuu akasema. "Kazi safi."

Maabarani, wifi alikipokea kichupa, akakitazama, akacheka mpaka akashika meza.

"Wifi, hii ni ile inayozilaza jeni! Inakaa mlangoni, hakuna kuamka. Ya kuziamsha ina kifuniko cha kijani. Wangeipandikiza kwenye mahindi yao, yangekauka kabla ya maharage. Lakini fundi wangu anavijua vichupa hivi kama wanawe. Mjinga gani alimwelekeza huyu mwizi?"

Kaburi alitamani ardhi ipasuke. Sakafu ya vigae, haikupasuka.

Mkuu alikuwa bado sikioni. Angeweza kunyamaza. Kwa mara ya kwanza, angestahili jina lake.

"Mkuu, mwachieni fundi."

"Kwa nini?"

"Mjinga ni mimi. Sebuleni kwangu. Mbele ya watu thelathini."

Kicheko cha wifi kikakatika.

"Wewe? Nilikwambia tukiwa wawili tu, jikoni."

Kaburi akaweka Glock na kitambulisho mezani, akavaa miwani ya jua, akatoka kwa mwendo wa taratibu. Kwa nyuma ungesema anaringa.