Kijiti cha Stesheni ya Kisonge

Misumeno ya Agakiriro, soko la maseremala pale Gisozi, Kigali, haijui kunong'ona, kwa hiyo wanaopendana pale huanza kwa kupigiana kelele. Kamikazi alikuwa amefuata kabati la duka lake la nguo. Gauni la kijani, viatu vyeupe. Viatu vyeupe kwenye vumbi la mbao, jamani! Akamwona kijana mrefu amekaa juu ya benchi jipya, amefumba macho, anayumbayumba peke yake.

"Kaka, kilicholegea ni benchi au ni kichwa?"

"Yote iko sawa, dada. Niko ndani ya treni."

"Treni Kigali? Nchi hii haina hata reli."

"Ndiyo maana natengeneza."

Aliitwa Ganza, na kazi yake ilikuwa kujenga dunia za kompyuta. Unavaa miwani nyeusi inayofunika uso, unakaa kwenye benchi, na mara uko mahali pengine kabisa. Safari hii alikuwa anafufua tawi la reli la huko Tanzania, lililofungwa zamani na vyuma vyake vikang'olewa. Wangekuja wageni kulitazama, na wakilipenda wangelinunua kwa ajili ya makumbusho yao.

"Na kituo cha mwisho?" Kamikazi aliuliza, kicheko kimekwisha.

"Kisonge. Unakijua?"

"Nimezaliwa Kisonge. Baba yangu ndiye alikuwa stesheni masta."

Ganza nusura aanguke kwenye benchi lake.

Tangu hapo Jumapili zikawa zake. Ganza alikwenda Kanombe, nyumbani kwa kina Kamikazi, akanywa chai na baba yake, Mzee Mutsinzi, akamsikiliza. "Njia ilikuwa moja tu," mzee alieleza. "Dereva haondoki mpaka apokee kijiti cha chuma mkononi kwa stesheni masta. Mwenye kijiti ndiye mwenye njia." Mzee akienda kulala kidogo, vijana walibaki barazani wakitaniana, na mapenzi hayakuchelewa.

Jumapili moja Kamikazi alimfunulia jambo zito. Mama yake aliondoka Kisonge kwa treni, akiwa na gauni la manjano, kumfuata mfanyabiashara wa chumvi. Baba alimwona dirishani. Hata hivyo akampa dereva kijiti.

"Hakumzuia, Ganza. Na mama hakurudi tena, akafia hukohuko. Usimwambie mtu."

"Sitasema, rukundo, penzi langu." Naye akampa zawadi: katika Kisonge ya kompyuta, stesheni masta atakuwa Kamikazi. Treni haitatoka bila mkono wake.

Siku chache kabla ya wageni kuja, Kamikazi alikwenda Gisozi kuijaribu miwani, Ganza akiwa mjini. Akaliona jengo la mawe, akaona tangi la maji, machozi yakamlenga. Kisha akaona dirisha la behewa, na ndani yake mwanamke wa gauni la manjano.

Alivua miwani. Siri aliyoitoa kwa kunong'ona imegeuzwa maonyesho! Aibu ya mama yake imepakwa rangi, imekalishwa dirishani ili wageni waitazame huku wakinywa juisi! Akamchukia Ganza palepale, akamchukia kwa moyo wote, kama mtu anavyomchukia aliyekula naye sahani moja.

Simu ikalia.

"Sheri, umeona Kisonge? Umependa?"

"Nimependa sana, mpenzi."

"Mbona sauti iko baridi?"

"Mafua tu."

"Pole, sha. Nikuletee ndimu na asali?"

"Asante. Wewe fikiria wageni wako."

Hakuwa na mafua hata chembe. Alikuwa amekwisha kupanga. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na wiki ile Kamikazi alikuwa mpole mno: alimchagulia Ganza shati, akamfunga tai, akamwombea heri. Kila alipomwona anatabasamu, alijisemea moyoni: cheka, utalia.

Siku ikafika. Kwenye ukumbi wa hoteli wageni walikaa kwenye mabenchi ya Gisozi, miwani usoni. Mzee Mutsinzi alikuwa mbele, amevaa koti lake la zamani la reli. Kamikazi alisimama pembeni kwa gauni jekundu, nywele zimesukwa upya, utadhani bibi harusi. Akavaa miwani yake, na humo ndani kijiti kikawa mkononi mwake.

Injini ikapiga honi. Dereva akanyoosha mkono. Kamikazi akaficha kijiti nyuma ya mgongo.

Wageni walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Baadaye wakaanza kukohoa. Ganza akamsogelea.

"Rukundo, toa kijiti."

"Sitoi."

"Mbabarira, nihurumie, wageni wanaondoka! Kazi yangu inakufa!"

"Na ife! Ulimweka mama yangu dirishani watu wamtazame. Leo wakutazame wewe unavyoaibika."

Wanunuzi wawili wa makumbusho walivua miwani, wakatoka. Kamikazi alisikia viatu vyao sakafuni, na kila hatua ilimpoza roho.

"Si mimi niliyetaka mama yako akuwe pale," Ganza alisema. "Iko mtu aliniomba, nikamuahidi sitasema."

"Nani? Mwongo wewe!"

"Ni mimi, binti yangu," alisema Mzee Mutsinzi.

Alikuwa amesimama. "Hata rangi ya gauni nilimwelekeza mimi. Nilitaka nimwone mara moja, treni ikiwa bado haijatoka. Niliona aibu kukwambia. Mwanangu Ganza, nivalishe hiyo miwani."

Mzee akatembea taratibu, mikono mbele, hadi penye dirisha ambalo wasio na miwani hawakuliona. Ukumbi ukatulia. Alizungumza chini kwa chini, lakini binti yake aliyasikia maneno yake.

"Sikushindwa kukuzuia. Moyo wako ulikuwa umekwisha kuondoka nyumbani kabla treni haijafika. Nenda salama."

Kisha akageuka. "Stesheni masta, toa kijiti. Treni haizuiwi kwa hasira za nyumbani."

Kamikazi akalia. Akanyoosha mkono, dereva akapokea, na gauni la manjano likapita mbele yake mpaka likapotea.

Wageni waliobaki walipiga makofi. Wenye pesa walikuwa wamekwisha kwenda.

Ganza alikaa kwenye ngazi za nje, tai imelegea. Kamikazi akaketi kando yake.

"Umenimaliza," Ganza alisema.

"Najua. Na sitakudanganya, nilifurahi."

"Na sasa?"

"Sasa naumia. Lakini hasira bado ninayo. Ungeniambia!"

"Nilikuahidi wewe, nikamuahidi na yeye. Nilishindwa kuchagua." Akafuta uso. "Kazi nitatafuta ingine. Wewe mwingine sina pa kutafuta. Jumamosi naleta wazee wetu kufata irembo."

Kamikazi alijua maana yake: wazee wa mwanamume kuja kwenye lango la kwao, kubisha na kumwomba binti.

"Walete. Lakini geti nitalifunga mimi mwenyewe, na mtasimama juani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hasira yangu iishe."

Nyuma yao Mzee Mutsinzi alikuwa anashuka ngazi, koti mkononi.

"Basi waje mapema," akasema. "Na wabebe miavuli."