Viatu vya Fanny

Séphora alikutana na Nicolas akiwa na kiatu kimoja mguuni. Ilikuwa katika foleni ya ajansi ndogo ya tiketi kando ya Bulevari, mjini Bunia, vumbi jekundu likiingia mlangoni kila pikipiki ilipopita. Yeye, muuza viatu wa soko kuu, alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililombana kiuno, na kiatu chake kirefu kilikuwa kimemchubua kisigino cha kushoto. Nicolas, karani wa ajansi, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, alitoka nyuma ya meza akamletea kipande cha pamba.

"Mama, unauzisha viatu, na yako inakuuma?"

"Kisigino yangu ya kushoto njo iko na kichwa nguvu. Viatu haina kosa."

"Basi unipatie numero ya simu ya hiyo kisigino. Nitakuwa naiuliza hali."

Alicheka bila kutaka. Tangu siku hiyo simu hazikuisha, na kila asubuhi Nicolas aliuliza kwanza kisigino kimeamkaje, kisha mwenyewe. Mapenzi yakanoga.

Séphora alipopanga safari yake ya kwanza ya China kununua viatu, ni Nicolas aliyemtafutia tiketi: ndege ndogo kutoka Bunia hadi Entebbe, kisha hapo hapo aunganishe ndege kubwa. Mtaji ulikuwa wake na wa dada zake wawili. Ndege kubwa ikimwacha, tiketi imekufa, na biashara ya nyumba nzima inayumba.

Wiki ya safari Nicolas akabadilika. Hapa Bunia mtu akisafiri, mtaa mzima unasafiri naye: huyu ataleta sombe, majani makavu ya muhogo, kwa ajili ya mwanawe aliye ng'ambo, yule unga wa muhogo, na kukataa ni kuwatukana. Nicolas alisimama mlangoni kwa kina Séphora akarudisha mizigo yote.

"Atabeba kasakoshi ka mukono tu. Valize kubwa hapana."

Tantine Scholastique, shangazi aliyemlea Séphora, alikumbatia samaki wake wakavu wa Tchomia, kule ziwani. "Hata ya mutoto yangu Guelord, kule China? Juu ya nini?"

"Juu ya... haraka, tantine."

Haraka gani? Jioni ile Séphora alimkuta nyuma ya nyumba akinong'ona kwenye simu: "Fanny, minakutegemea. Usimuambie kitu, sana sana!" Alipogeuka na kumwona, akakata simu na kutabasamu kama mtu aliyekanyaga kifaranga cha jirani.

"Fanny ni nani?"

"Mutu wa kazi, sheri yangu. Wa kule Entebbe."

Wivu ukamshika Séphora, akalala bila kula. Tantine naye akatia chumvi: "Anakutoa bila muzigo, mutoto yangu. Pengine iko na muzigo ya mutu mwingine."

Na kweli! Asubuhi ya safari, uwanjani, Nicolas alimpa kifurushi cha plastiki nyeusi.

"Ukishuka, Fanny atakuwa anakungoja. Umupatie hii."

"Weye ulikatala samaki ya tantine, lakini ya Fanny inaingia?"

"Tafazali, sheri. Utaelewa kule." Akaondoka upesi, hata kumkumbatia vizuri hakumkumbatia.

Séphora aliketi katika chumba cha kungojea, viatu vyake virefu vyekundu vikigonga sakafu kwa hasira. Alijiambia hatafungua. Akafungua. Viatu vya mwanamke! Vyeusi, bapa, vya mpira, vipya kabisa, namba 39 imeandikwa chini ya soli. Akapiga simu.

"Nicolas. Fanny anavalaka numero gani?"

"Umefungua?"

"Nimekuuliza numero!"

"Sijue."

"Hujue, na umemununulia trente-neuf? Mimi njo navalaka trente-neuf! Kumbe tunafanana mupaka miguu! Sikia, siye wawili tumeisha. Nikirudi usinipigie hata..."

Mkono wake mmoja ulikuwa bado ndani ya kiatu cha kushoto, na vidole vikagusa kitu laini. Nyuma, panapokaa kisigino, mtu alikuwa ameshona kipande cha sponji kwa uzi mweupe, mshono umepinda ovyo. Kiatu cha kulia hakikuwa na kitu.

"Nicolas," alisema polepole. "Hii viatu ni ya nani?"

"Ni yako." Alikuwa mlangoni, amekuja mbio, simu sikioni, shati limetoka kwenye suruali.

"Sema sasa. Yote."

"Nilikosa, Séphora. Ile siku ya tiketi nilihesabia saa ya kufika Entebbe kwa saa ya hapa kwetu. Uganda iko lisaa moja mbele yetu, na ile ndege kubwa inaondoka kwa saa ya kule. Nilizania uko na masaa mbili na nusu ya kubadilisha ndege. Iko moja na nusu tu, na tiketi haibadilike. Fanny ni mutoto ya mama mukubwa yangu, anafagiaka kule ndani ya uwanja. Atakuvalisha hii viatu, akushike mukono, mukimbie bila muzigo."

"Juu ya nini ulinificha?"

"Nilisikia haya. Kazi yangu ni tiketi, na ni yako njo nimekosea."

Hasira ilikuwapo, tena nyingi, lakini wivu ulikuwa umeondoka.

"Afazali ungekuwa mujinga mbele yangu kuliko muongo nyuma yangu. Nimelia juu ya dada yako! Na hii viatu ulinunua kwa nani?"

Akainamisha kichwa. "Kwa Arlette."

"Arlette mwenye meza kando ya yangu kule soko? Hiyo sitakusamehea!" Lakini alikuwa anacheka, machozi bado shavuni. Akavua viatu vyekundu, akamkabidhi, akavaa vile vyeusi na kutembea hadi kwenye ndege.

Entebbe, mwanamke mnene mwenye miwani na ufagio alimdaka mlangoni. "Weye njo kisigino ya kushoto? Twende!" Wakakimbia, Fanny akipigia kelele watu wapishe. Séphora alikuwa msafiri wa mwisho kupokelewa kwenye kaunta.

Kabla ya kuzima simu alimpigia Nicolas.

"Nimeingia."

Alimsikia akishusha pumzi. "Na kisigino?"

"Inakusalimia. Uko wapi?"

"Ningali kwa uwanja, na viatu yako mukononi. Watu wananiangalia."

"Waache. Nikirudi, wazee wenu waje kwa tantine na mangombe ya mahari, tumalize hii maneno."

"Waje saa ngapi, mupenzi?"

"Asubuhi. Na muhesabie kwa saa ya Uganda. Sitaki kungoja."