Mkwaruzo kwenye Gari la Kijani

Baiskeli ya Bodil iliangukia gari jipya la kijani ndani ya kivuko cha Helsingør, Denmaki, kiendacho Uswidi, watu wakiwa mbioni kupanda juu kununua kahawa. Mwenye gari akashuka kutazama mkwaruzo mlangoni. Namba za gari zilikuwa za Uswidi. Alikuwa mwanamume mrefu, sweta yake imetoboka kiwikoni, na macho yake yalikuwa yanacheka.

"Nitakulipa," Bodil akasema, uso umemwiva kwa aibu.

"Utalipa siku nyingine. Leo ninunulie kahawa."

"Nyie Waswidi! Magari mnayapata kwa bei ya karanga, halafu kahawa mnaomba."

"Na nyie Wadenmaki kodi ya gari imewashinda, sasa mnatugonga na baiskeli!"

Aliitwa Torkel, fundi wa piano kutoka Helsingborg, ng'ambo tu upande wa Uswidi. Kahawa ile ikazaa mwaka mzima wa wikiendi, yeye akivuka na gari lake kila Ijumaa, na Bodil akimngoja bandarini na koti lake la njano la mvua.

"Hamia kwangu basi, kipenzi," Bodil akamwambia kwenye simu. "Nimechoka kukuaga kila Jumapili."

"Nipe siku mbili tatu, mpenzi."

Siku mbili tatu zikawa wiki sita. Bodil akavuka mwenyewe kwenda kumwona, na Torkel alipokuwa anamenya viazi, yeye akaona mezani karatasi ya gharama za gari: kodi, bima, petroli, maegesho. Uswidi, Ujerumani, Denmaki. Denmaki ilizungushiwa wino mwekundu.

"Kumbe unanipima na gari?"

"Bodil, nisikilize..."

"Na huko Ujerumani kuna nani?"

"Hakuna mtu! Nilikuwa nalinganisha tu."

"Basi endelea kulinganisha." Akavaa koti, akarudi kivukoni bila kula.

Siku ya nne Torkel akapiga simu. "Nikihamia huko lazima nilisajili gari kwenu. Kodi yake siiwezi, mpenzi. Na bila gari, vifaa vyangu nitavibebea wapi? Niliona haya kukwambia."

"Ungeniambia siku ya kwanza," Bodil akasema, akakata simu. Halafu akalia, maana alimpenda sana, na kiburi hakikumwacha ampigie.

Wiki tatu zikapita kimya. Jumamosi moja mchana, Bodil akitoka kununua mkate wa shayiri nyeusi, akasikia kengele nyuma yake. Torkel alikuwa juu ya baiskeli yenye sanduku mbele, zile ambazo Wadenmaki hubebea watoto wao, jasho linamtiririka, kofia imekaa upande. Sandukuni mlikuwa na vifaa vya piano na begi la nguo.

"Gari liko wapi?"

"Nimeliuza. Hii haina kodi Uswidi, haina kodi Ujerumani, haina kodi kwenu. Ila kilima chenu nusura kiniue."

"Uliuza gari kwa ajili yangu?"

"Na mnunuzi amenikata kroni elfu mbili kwa ule mkwaruzo wako. Nimekuja kudai."

Bodil alicheka huku machozi yanamtoka. "Sina elfu mbili hapa. Nikilipa kidogo kidogo?"

"Kwa muda gani?"

"Miaka arobaini. Ila unioe kwanza, nisije nikakutoroka na deni lako."

Torkel akaachia usukani, akamkumbatia pamoja na mkate wake.